Barua za Jikoni: Chungu cha Kifaransa, Mkono wa Mombasa

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba shahada yangu ya pili niliisomea Marseille, na kwamba upishi wa Kifaransa nilijifunza huko huko, tena si kwa mpishi wa hoteli. Barua zilizoingia baada ya hapo zimenifanya niweke kando maswali ya biriani na kaimati mwezi huu. Nimechagua chache, na zile ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Bi Jikoni. Mimi ni msichana wa Tudor, na Septemba naenda Lyon kusoma. Nimepata chumba kwenye bweni la wanafunzi, jiko ni la pamoja. Mamangu ameshaanza kunifungia bizari, ubuyu na unga wa mahamri. Lakini mimi nataka kujifunza vyakula vya wenyeji hasa, nisije nikamaliza masomo kwa pilau ya haraka haraka na tambi za pakiti. Nguruwe sili, wala chakula kilichotiwa pombe. Nianzie wapi?
*Binti wa Tudor*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mwache mamako afunge hizo bizari, zitakufaa siku za mafua na siku za kukumbuka nyumbani. Ila unapopika chakula cha Kifaransa, miezi ya mwanzo zibaki kabatini. Nimewaona wengi wetu: mtu anapika supu ya liki na viazi, anaionja, anaiona imepooza, basi anatia bizari nzima, pilipili na ndimu, kisha anasema upishi wa Kifaransa ameujua. Alichopika ni mchuzi wake wa siku zote, umeongezwa liki. Kitunguu kilicholainishwa kwenye siagi bila kugeuka rangi, zaatari, jani la laurier (lile kavu ambalo wengine hutia kwenye pilau), chumvi ya kiasi: ulimi wa Pwani huchukua muda kuzisikia ladha hizi. Upe huo muda.

Vyumba vingi vya Crous, yaani shirika la huduma za wanafunzi, ni vya mita 9 za mraba, na jiko la pamoja aghalabu lina sahani za umeme bila oveni. Kwa hiyo usijaze vyombo. Sufuria moja nzito yenye kifuniko, kikaango, kisu kizuri na ubao vinatosha. Sufuria za chuma ni ghali dukani, lakini kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kama yale ya Emmaüs, utapata ya bibi wa mtu kwa bei ya kuokota, na itakuwa imeshapikiwa miaka ikakolea. Mchana kula mkahawa wa chuo. Mlo kamili huko ni wa bei nafuu kwa mwanafunzi. Utapata cha samaki au cha mboga, na utajifunza bila kufundishwa kwamba mlo wao huja kwa mafungu, hauwekwi wote mezani kwa mpigo.

Lyon watakusimulia habari za bouchon, vimkahawa vya kienyeji vya mji ule. Vina sifa kubwa, lakini kwa mtu asiyekula nguruwe wala divai orodha yake ni fupi mno. Usivunjike moyo. Upishi wa Lyon hasa ulijengwa na wanawake, wengi wao wakiwa wametoka kupika kwenye nyumba za matajiri kabla ya kufungua mikahawa yao wenyewe. Eugénie Brazier, mtoto wa shamba, alifungua wake mwaka 1921, na mwaka 1933 akapewa nyota tatu za Michelin, kitabu cha Wafaransa cha kupima mikahawa, kwa kila mmoja wa mikahawa yake miwili. Ninamtaja ili ujue pa kutafuta. Chakula cha Kifaransa cha kujifunza kiko kwa mama mtu mzima mwenye sufuria kuukuu, si kwa kijana mwenye kofia ndefu.

Mimi nilifundishwa na mjane wa ghorofa ya chini yangu, mtaa wa Belle de Mai. Mapatano yetu yalikuwa mepesi: mimi nampelekea mahamri Jumapili, yeye ananiruhusu nisimame kando ya jiko lake. Hakuwa mtu wa kueleza. Chungu kikiwa motoni alinyamaza, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akasikiliza. Kikitokota kwa fujo aliupunguza moto huku akinitazama kwa jicho la lawama, ingawa aliyeuwasha ni yeye. Alitaka kusikia povu moja linapasuka huku, kitambo kidogo, jingine kule. Nusu ya upishi wao wa nyumbani iko kwenye moto huo mdogo. Sahani ya umeme ya bweni, ambayo kila mtu huilaani kwa uvivu wake, kwa kazi hii ni neema.

Anza na ratatouille. Ni chakula cha Nice, hakina nyama, na kila kitu chake unakijua toka Marikiti: biringani, mumunye, pilipili mboga, nyanya, vitunguu, thomu. Kazi ni kukaanga kila mboga peke yake kwa mafuta ya zeituni, uitoe, ufuate nyingine, halafu zote zikutane sufuriani na nyanya kwa moto mdogo. Ukizitupa zote kwa pamoja mara moja zitatoa maji na utakula uji wa mboga. Pika Septemba hiyo hiyo ukifika, kwa sababu ndio msimu wake na bei iko chini. Kesho yake ikiwa baridi ni tamu zaidi.

Kisha fuata pot-au-feu, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa na karoti, liki na tanipu. Nenda mtaa wa Guillotière, utakuta mabucha ya halali na maduka ya Waarabu, Waafrika na Waasia. Muombe mwenye bucha paleron na gîte, sehemu ngumu za bei nafuu zinazotaka saa tatu za moto, na mfupa mmoja wa uboho. Supu inanywewa kwanza, nyama inafuata na chumvi ya mawe na haradali. Ndani yake hamna divai, hamna nguruwe, na Mfaransa yeyote atakiri kwamba huwezi kupata chakula cha Kifaransa kuliko hicho.

Dukani soma maandishi madogo. Lardons ni vipande vya nguruwe, saindoux ni mafuta yake, na gélatine de porc, yaani gelatini ya nguruwe, hujificha kwenye peremende na vitamu vya kikombe. Sokoni, kwa mfano lile la Croix-Rousse ambalo huwapo asubuhi kila siku isipokuwa Jumatatu, sema *bonjour* kabla ya neno jingine lolote, na usiminye nyanya za watu. Muuzaji ndiye anayekuchagulia. Kupatana bei hakupo. Lakini nenda kuelekea saa saba mchana wanapofungasha, utaona wenyewe wanashusha.

Bi Jikoni, salaam aleikum. Niko Dijon mwaka wa pili, tunaishi wanne nyumba moja na tunapika kwa zamu. Wenzangu wamenishikilia nipike bœuf bourguignon, nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa divai nyekundu, maana ndicho chakula cha mkoa. Wengine wananiambia divai ikichemka pombe yote huruka, wengine wanasema nitumie maji ya zabibu. Wewe wasemaje?
*Kijana wa Kisauni*

Waaleikum salaam. La kwanza si kweli. Kwa vipimo vinavyotumiwa na wizara ya kilimo ya Marekani, chakula kilichotiwa pombe kikachemshwa saa moja hubaki na kama robo yake, na hata baada ya saa mbili na nusu kuna kama asilimia 5. Hukumu muulize mwenye elimu ya dini. Mimi wangu ni hesabu.

La pili, maji ya zabibu. Nimeyaonja kwenye sufuria za watu. Divai ile nyekundu ni kali na chungu kidogo, na ukali huo ndio unaobeba mafuta ya nyama. Maji ya zabibu ni sukari. Unapata nyama tamu tamu, kisha unatia siki kuukata utamu, kisha supu ya kidonge kuikata siki, na mwisho umepika kitu kisicho na jina. Msimamo wangu ni huu: chakula ambacho divai ndiyo uti wake, waachie wenyewe. Bœuf bourguignon, coq au vin, daube. Ufaransa ina vyakula tele vya kienyeji visivyohitaji hata tone. Kuna haja gani ya kukivika kanzu kile kisichokuhusu?

Wapikie blanquette de veau. Hawatakulalamikia, kwa sababu hicho ndicho walichokula kwa bibi zao.

Nunua kilo moja ya nyama ya ndama, bega na kifua vichanganywe, vipande vya kujaa kiganja. Usiikaange. Sisi tumezoea nyama kuanza kwa mafuta na kitunguu mpaka iive rangi, hapa ni kinyume, weupe wake ndio uzuri wake. Itie kwenye maji baridi, weka motoni, na povu linapopanda uliengue, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka maji yatulie. Sasa tia karoti, kitunguu kizima ulichokichomeka karafuu mbili, na kifungu cha zaatari, jani la laurier na mabua ya liki uliyoyafunga kwa uzi. Moto mdogo, saa moja na nusu au mbili. Pembeni, lainisha uyoga na vitunguu vidogo kwa siagi na kijiko cha ile supu.

Nyama ikilainika itoe, chuja supu. Kwenye sufuria safi yeyusha gramu 50 za siagi, mwaga gramu 50 za unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuuacha upate rangi, kisha mimina supu kidogo kidogo, kama robo tatu za lita, huku unakoroga. Ukiwa mzito wa kufunika mgongo wa mwiko, rudisha nyama, uyoga na vitunguu.

Mwisho ndio penye mtihani. Piga viini viwili vya mayai na malai, kikombe kidogo. Ondoa sufuria motoni. Chota upawa mmoja wa mchuzi wa moto, umimine kwenye viini huku unapiga, ndipo urudishe vyote sufuriani. Kamulia limau. Ukiurudisha motoni ukachemka, mayai yatagandamana vipande vipande, yaani mchuzi utakatika vile vile tui la kwanza linavyokatika ukiliacha bila kukoroga. Mkono uliolea mchuzi wa nazi utaelewa hapa bila kuambiwa mara mbili. Wenzako Wafaransa wengi huharibu mahali hapa hapa.

Kinaandamana na wali mweupe, na hapo una pa kuringia. Lakini usiutie nazi.

Bi Jikoni, mume wangu alikuwa baharia na Marseille walikuwa wakitia nanga. Hadi leo akila mchuzi wangu wa samaki husema "mzuri, lakini ungeonja bouillabaisse". Nimechoka. Nipe samaki wa hapa nimpikie anyamaze.
*Mke wa baharia, Bondeni*

Dadangu, mwanamume anayekumbuka chakula cha ujanani hanyamazi, ila tujaribu.

Bouillabaisse ilianza kwa wavuvi, kwa samaki wa miambani wenye miiba ambao hawakuuzika. Leo pale Marseille inauzwa bei ya kufunga mkoba, na mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa waliandika mkataba wa kuilinda, wakataja samaki wanaostahili kuingia, angalau aina nne kwa chungu. Wote ni wa bahari yao. Kwa hiyo tukubaliane kwamba utakachopika ni mchuzi wa samaki kwa njia ya Marseille. Jina lenyewe tuwaachie waliosaini.

Njia ndiyo hii. Kuna samaki wa supu na samaki wa kula, na ni watu mbalimbali. Wa supu ni wadogo wadogo na vichwa: changu wadogo, tafi, kichwa cha chewa. Kaanga kitunguu, thomu na nyanya kwa mafuta ya zeituni, tia hao wadogo wazima, waponde kwa mwiko, kisha maji, zafarani, kijiko cha shamari iliyopondwa na kipande cha ganda la chungwa lililokauka. Wao hutia shamari mbichi, na wengine tone la pastis, ambayo ni pombe. Shamari kavu ya Marikiti inatosha kabisa. Chemsha nusu saa, halafu pitisha kwenye chujio huku unakandamiza kwa nguvu zote, mpaka yabaki machicha ya mifupa tu. Hapo ndipo mchuzi unapopata unene. Anayechuja bila kukandamiza ametupa chakula.

Rudisha supu motoni ichemke hasa, hapa moto uwe mkubwa, na utie viazi vya mviringo. Kisha samaki wa kula kwa zamu: wagumu kwanza, chewa na kolekole, baadaye changu ambaye ni mwepesi wa kuvunjika. Mkunga pia anafaa kwa anayemla, kwani wao hutia congre ambaye ni wa umbo hilo. Nguru mwache, mafuta yake hufunika wenzake.

Supu inaandaliwa kwanza na mkate uliokaushwa na kusuguliwa thomu, ukipakwa rouille: thomu, pilipili kavu na zafarani vimetwangwa kinuni, kikaingizwa kiini cha yai, na mafuta ya zeituni yakadondoshwa taratibu mpaka ikaze. Samaki hufuata kwenye sinia yake.

Nenda soko la samaki la Bandari ya Kale hapa Mombasa asubuhi, na kama unaweza subiri kaskazi iingie, bahari itulie. Wakati wa kusi bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki sana, na bei ya chewa unaijua.

Mwanangu, nasoma gazeti hili tangu wewe hujazaliwa. Sasa mnawafundisha mabinti zetu vyakula vya Wazungu visivyo chumvi wala pilipili. Biriani imekosa nini?
*Mzee wa Likoni*

Shikamoo mzee wangu. Biriani haijakosa kitu, na toleo lijalo inarudi. Lakini Marseille nimeishi na Wangazija, ambao ni wengi sana mji ule. Jirani zangu walikuwa wakipika mataba, yaani kisamvu, kwa tui Jumamosi, na Jumapili wakapika kuku wa oveni na viazi kama Wafaransa wengine wote. Hakuna aliyesahau kwao. Na kuhusu vyakula visivyo na makali, tafuta thomu sita, uzitwange kinuni na chumvi, udondoshee mafuta ya zeituni na kiini cha yai mpaka ugumu usimamishe mchi. Hiyo ni aïoli ya Provence. Kwa desturi huliwa Ijumaa na samaki wa chumvi aliyechemshwa, viazi, karoti na mayai. Ukitoka mezani hapo hakuna atakayekaa karibu nawe kwenye feri.

Bi Jikoni, nilirudi kutoka Paris mwaka jana na nimejaribu kupika croissant hapa Nyali. Siagi inavuja, hazifumuki, zinatoka kama chapati. Siagi yetu ina kasoro?
*Mpenda mikate*

Siagi haina kasoro, ni jua. Siagi huyeyuka kabisa kwenye digrii 32 hadi 35, na huanza kulegea mapema zaidi. Machi mchana Mombasa hufika digrii 32 au 33, na jikoni karibu na oveni huongezeka. Croissant inasimama kwa sababu tabaka za siagi zimebaki mbali na tabaka za unga. Siagi ikishaingia ndani ya unga, tabaka zimekufa, na oveni haifufui.

Fanya kazi hiyo baada ya Alfajiri, madirisha wazi. Unga, pini ya kusukumia, hata ubao, vilale kwenye friji usiku kucha. Kila ukikunja, rudisha ndani ya friji nusu saa kabla ya kukunja tena. Siagi iwe baridi lakini ikipindwa ipinde, isivunjike vipande. Na usiziache ziumuke kwenye joto la jikoni, ziweke chumba chenye kiyoyozi kama unacho, sivyo zitavuja kabla hazijaona oveni.

Anza Julai au Agosti, wakati wa upepo. Na stima ikipotea friji ikapoa makali katikati ya kazi, usipigane nayo: kata donge vipande vyembamba, nyunyiza sukari na iliki, choma biskuti, kunywa chai.